Bulangeti ya Vipande na Ugonjwa wa Rangi "Zinazoendana"

Siku hizi hapa Kalemie, ukimpelekea fundi mfuko wa vipande vya vikwembe ili akushonee bulangeti, neno la kwanza kinywani mwake ni hili: "Mama, hizi rangi haziendane." Kisha anamwaga mfuko mzima juu ya meza na kuanza kuhukumu. Cha njano na zambarau, nje. Kile cha kilio, nje. Kile kilichofifia kwa sabuni na jua, nje, tena kwa dharau. Kinachobaki ni buluu na nyeupe, na kwa kuwa haitoshi, anakutuma sokoni ununue kikwembe kipya, kizima, ili akikate vipande-vipande. Hapo ndipo ninakasirika. Kukata kikwembe kipya ili upate viraka! Mama zetu wangedhani tumerukwa na akili.

Tukumbuke kwanza kitu tunachozungumzia. Bulangeti ya vipande ilizaliwa kwa mabaki: ncha zilizobaki kwa fundi baada ya kushona robe ya harusi, kikwembe kilichochoka kwa kubeba watoto watano mgongoni, shati la baba ambalo kola imekatika. Juu vipande, chini shuka la zamani, katikati bulangeti iliyochakaa ili ipate uzito. Upepo wa ziwa wakati wa kiangazi unapopiga usiku, kila mtu anajua juu ya nini kitu hicho kilishonwa. Hakuna aliyekishona ili apigwe nacho picha.

Basi hii sheria ya rangi tatu, zisizidi, imetoka wapi? Haikutoka kwa mababu. Imetoka katika masomo ya kukata na kushona, katika katalogi za Ulaya ambazo kitanda, pazia na mto vyote vina rangi moja, na katika zile atelie za miradi ambapo msichana anafundishwa kushona kitu kitakachompendeza mgeni. Sina neno na mgeni. Ana macho yake. Lakini macho ya mgeni yakishakuwa sheria, na msichana akarudi nyumbani kumwambia bibi yake kwamba bulangeti yake "ni ya masikini", hapo tumeharibu kitu, na tumekiharibu kwa jina la masomo.

Wengine hujibu kwamba mababu hawakuwa na elimu ya rangi, walikamata tu kilichopatikana. Huo ni uongo, na ushahidi uko katika vitabu vya Wazungu wenyewe. Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871, aliandika katika kitabu chake cha 1872 namna alivyohangaika kule Unguja kabla ya safari, kwa sababu kila nchi ilikuwa na uchaguzi wake wa shanga. Nyekundu za sami-sami zilipokelewa Unyamwezi, na nyingine zilikataliwa. Nyeusi zilikuwa mali Ugogo, na kwingine hazikufaa kitu. Sungomazi zilithaminiwa Ujiji na Uguha. Uguha ni hapa! Ni nchi ya Waguha, ndio Waholoholo wetu wa leo. Msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mawe, na watu wake wangelala njaa.

Kwa nguo ilikuwa vilevile. Misafara ilikuwa na merikani, ile pamba isiyotiwa rangi, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilitoka viwanda vya Massachusetts huko Marekani. Ilikuwa na kaniki ya buluu nzito. Ilikuwa na debwani na barsati zenye mistari na pindo za rangi. Mfanyabiashara hakuja kutuambia kinachoendana. Alikuja kuuliza. Leo ni sisi tunaomuuliza yeye, na tunaita hayo maendeleo.

Tuwatazame pia ndugu zetu waliochukuliwa mbali. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasidi, watu ambao asili yao ni Afrika, wengi wa mababu zao wakiwa wamevushwa bahari kama watumwa. Wanawake wao hushona bulangeti za viraka kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Huanza pembeni na kuzunguka mpaka wafike katikati, na kwenye kila kona huweka vipande vidogo wanavyoviita maua. Bila hayo, wanasema, kazi iko uchi. Huko Alabama, Marekani, katika kijiji cha Gee's Bend, wanawake weusi, wajukuu wa watumwa wa shamba la pamba, walishona bulangeti kwa suruali za kazi zilizopauka magotini. Mwaka 2002 bulangeti hizo zilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 zikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Zile suruali zilizopauka! Fundi wetu wa hapa angezitupa nje kabla ya kukaa kwenye mashini.

Sisemi kwamba hakuna kuchagua. Kuchagua kuko, na ni kazi ngumu kuliko hiyo ya buluu na nyeupe, ndiyo maana ninasikitika kuona haifundishwi. La kwanza ni mkono, si jicho. Kamata kitambaa, kikunjekunje, kisikilize. Pamba na pamba huzeeka pamoja. Pamba ukiishona na nailo, baada ya kufua mara chache pamba imenywea, nailo imekaa vilevile, na bulangeti inajikunja kama mdomo wa mzee. Ukiwa na mashaka, choma uzi mmoja: wa pamba unaungua na kubaki majivu laini, unanuka kama karatasi, wa nailo unayeyuka na kuacha tone gumu. Kikwembe cha waksi rangi yake ni ileile pande zote mbili. Kile cha bei rahisi kimechapwa upande mmoja tu. Hiki hakikatazwi, lakini ujue unachoshona.

Pili, maji. Nyekundu na buluu nzito huchuja. Loweka kipande, kikandamize kwenye kitambaa cheupe, uone kama kinatia doa. Kipande kipya sherti kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kile cha zamani kimekwisha kunywea na kingine bado. Hapo utaona hekima ya mama zetu waliopenda nguo iliyochoka: ilikuwa imemaliza ukaidi wake wote.

Baada ya hayo ndipo jicho linaingia, na jicho la mama zetu lilitafuta mwanga na giza kabla ya kutafuta jina la rangi. Tandika vipande chini, rudi hatua kumi, fumba macho nusu. Palipo na giza tupu, tia chenye mwanga. Njano karibu na zambarau, fundi anayoiogopa, ndiyo inayoamsha bulangeti nzima.

Kuhusu kikwembe cha kilio, najua nitapata wapinzani, hata kati ya wakubwa wangu ninaowaheshimu. Wanasema kinaleta huzuni kitandani. Mimi naona kinaleta mtu. Kikwembe ambacho ukoo mzima ulivaa siku ya kumzika babu, kile cha tarehe 8 mwezi wa tatu ambacho kila mama alilazimika kununua, kipande cha nguo iliyofumwa na Filtisaf, kiwanda chetu cha hapa hapa Kalemie kilichokwisha kusimama: vyote hivyo vikilala kando-kando, mtoto atauliza, "Bibi, hiki ni cha nani?" na bibi atajibu. Bulangeti ya buluu na nyeupe mtoto ataulizia nini? Bei?

Lipo neno moja la upinzani ninalolikubali: wasichana wanahitaji makuta, na mnunuzi anataka rangi zake. Vema, wamshonee na wamlipishe vizuri. Lakini wasiambiwe kwamba huo ndio ushonaji safi na mwingine ni uchafu. Na katika maonyesho ya utamaduni, kazi iliyokatwa kwenye kikwembe kipya cha yadi sita isiandikwe "desturi ya mababu". Waandike: bidhaa ya kuuza. Hapo hatutagombana.

Ninyi wengine, mfuko wa vipande mnao chini ya kitanda, msijifiche. Mpelekee fundi, umwambie: vyote viingie, isipokuwa vya nailo na vinavyochuja. Akianza tena ile hadithi ya kuendana, kamata mfuko wako urudi nyumbani. Uzi unauzwa sokoni, sindano pia, na kabla ya mashini kufika hapa bulangeti zilishonwa kwa mkono, jioni, watu wakizungumza.