Betri za lithiamu zinavyoweza kula mtaji safarini

MFANYABIASHARA mdogo wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo hupiga hesabu ya nauli, hoteli na ushuru. Kinachosahaulika mara nyingi ni betri zilizomo ndani ya mzigo huo.

Betri za lithiamu, zinazotumika kwenye simu, kompyuta za mkononi na pawabenki, huhifadhi nishati nyingi katika umbo dogo. Zikipondwa, zikipata shoti au zikiwa na kasoro za kiwandani, zinaweza kuchemka zenyewe na kuwaka. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS iliyobeba shehena ya betri hizo ilishika moto na kuanguka Dubai. Marubani wake wawili walikufa.

Ndiyo maana pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayokaa chini ya ndege. Hubebwa kwenye begi la mkononi. Moto wa kabini huonekana mapema na wahudumu huweza kuumwagia maji.

Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160, abiria huomba kibali cha shirika la ndege na hubeba betri za akiba zisizozidi mbili. Zaidi ya hapo, hazipandi. Hesabu ni rahisi: zidisha volti kwa ampea-saa. Pawabenki ya ampea-saa 20 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74.

Hapo ndipo mkulima anapoguswa. Betri ya droni ya kunyunyizia dawa, yenye volti 52 na ampea-saa 30, ina wati-saa 1,560, karibu mara kumi ya kikomo cha juu. Isitoshe, ruhusa ya abiria ni kwa matumizi yake binafsi, si bidhaa za kuuza. Tangu Aprili 1, 2016, betri hizo zikifungashwa peke yake hazibebwi hata kama shehena katika ndege za abiria.

Zinabaki ndege za mizigo na meli, ambako lazima zitangazwe kuwa bidhaa hatari. Kwa kikundi cha wakulima kinachonunua droni, ni busara kulinganisha bei ya kufikishiwa nchini, nyaraka zikiwa juu ya muuzaji, badala ya bei ya dukani China. Tofauti inayoonekana kubwa dukani yaweza kuyeyuka yote betri ikizuiwa uwanjani, na droni ikakaa bila kazi msimu mzima.