Mafundi wa Nyanda za Baridi, Badilisheni Taa ya Mkononi

Ndugu zangu mafundi wa Makambako, Njombe na Makete, Juni imeingia na baridi yake. Lori likikwama usiku, ni nyinyi mnaolala chini yake, taa ya mkononi imening'inizwa kwenye chesisi. Naomba tuitazame taa hiyo.

Wengi bado mnatumia globu ya zamani ya wati 100. Najua inavyopendwa, kwa kuwa inapasha vidole vilivyokufa ganzi kwa spana. Lakini zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za umeme mnaoulipia huishia kwenye joto hilo. Tone la maji baridi likikirukia kioo, kinaweza kupasuka. Waya wa ndani unazidi nyuzi 2,000, nao ukiachwa wazi kidogo tu penye mvuke wa petroli, moto umeshawaka. Na anayeshika taa kwa kawaida ni kijana anayejifunza kazi. Vidole vipasheni kwa chai.

Wengine mmehamia enejiseva, zile za mrija uliojisokota. Kwa gharama ya umeme mmefanya vema, ila gereji ya baridi si mahali pake. Mwanga wake unategemea mvuke wa zebaki, na kwenye baridi mvuke huo huwa haba: taa inawaka kwa kufifia, mnangoja dakika kadhaa ndipo nati ionekane. Ikianguka ikavunjika, zebaki inabaki kwenye hewa mnayovuta. Fungueni milango, tokeni kwanza, kisha okoteni vipande kwa karatasi ngumu, msifagie.

Chukueni LED. Ya wati 12 hadi 15 inatosha mahali pa ile ya 100, inawaka papo hapo, na baridi haiisumbui. Kwa saa kumi globu ya zamani inakula uniti nzima. Hii haifikishi hata sehemu ya sita ya uniti. Tafuteni yenye kifuniko cha plastiki. Palipo na maji sakafuni, au ndani ya shimo la gereji, tumieni ya kuchaji au ya volti 12, maana waya uliochubuka unaua. Wala LED si ruhusa ya kufungua tangi la petroli kando ya taa yoyote ya kuchomeka.

Wenye gereji, msimwachie kijana ainunue kwa posho yake. Inunueni nyinyi, wiki hii, kabla Julai haijafika.