Wagonjwa wetu watembee wapi?

KILA wiki katika kliniki yangu huku Buruburu, huwaambia wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu maneno yale yale: tembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni rahisi kusema.

Mama mmoja wa Umoja alinijibu: "Daktari, nitembee wapi?" Kando ya Jogoo Road, njia ya miguu imetwaliwa na bodaboda, na moshi wa matatu haupungui. Uwanja wa Camp Toyoyo kule Jericho ni wa wanasoka. Basi akajaribu chuo kikuu kimoja cha umma kisicho mbali, chenye miti na barabara tulivu. Bawabu akamtaka kitambulisho cha mwanafunzi. Ana miaka 58!

Simlaumu bawabu. Tangu Aprili 2, 2015, magaidi walipoua watu 148 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, ni mkuu gani wa chuo atakayelala lango likiwa wazi? Lakini mama aliyevaa raba saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, atamdhuru nani? Akaguliwe, aache kitambulisho chake langoni, aandikwe kitabuni, na kufikia saa mbili awe ametoka. Chuo hicho kinaendeshwa kwa kodi yake pia.

Juzi alirudi kwangu. Shinikizo lilikuwa 170 kwa 100. Nikamwongezea tembe.