Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Hiyo mila iliandikwa na nani?

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka jana nilikaa kwenye kikao cha ukoo, siku ya kuanua matanga. Mjane alikuwa pembeni mwa jamvi, ungo mapajani, akichambua mchele uliokwisha chambuliwa. Alipouliza habari za shamba la migomba alilolipalilia miaka 20, mzee mmoja akamkata kauli: "Haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Sisi tuna mila." Wakahamia kwenye mbuzi.

Mzee yule hakukosea moja kwa moja. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopigiwa kura Paris, Desemba 1948, Tanganyika haikuwa na kiti. Uingereza ilikuwa nacho, ikaliunga mkono, kisha ikaendelea kututawala. Profesa Issa Shivji aliandika kitabu kizima, mwaka 1989, akionyesha jinsi lugha ya haki inavyoweza kuwatumikia mabeberu. Anayemcheka mzee yule na asome Shivji kwanza.

Lakini na mila nayo tuiulize kwao. Sheria za mila za Wahaya zilitiwa kitabuni mwaka 1945 na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, akishirikiana na mwandishi mwenzake, Hartnoll. Kazi hiyo ya Cory ndiyo iliyokuja kuzaa Tangazo la Sheria za Mila la 1963. Jambo ambalo wazee walikuwa wakilibishania barazani, leo hivi kesho vile, likagandishwa kwa wino. Kama tunawakataa Wazungu, mbona huyu tumembakiza?

Sura ya haki za binadamu, kwa upande wake, iliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984 na Bunge letu wenyewe, baada ya wananchi kuidai. Ndiyo aliyoishika Jaji Mwalusanya, Mwanza, mwaka 1990, alipoamua kwamba mwanamke wa Kagera ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi, sawa na mwanamume.

Mheshimiwa, ninachoomba ni kidogo: peleka bungeni muswada wa kufuta kanuni za urithi zilizomo kwenye Tangazo lile. Wanaotetea mila waje kuitetea hapo, na wajane wakiwamo ukumbini.

Yule wa kwetu bado analima. Akitaka kuuza mkungu wa ndizi, humwomba ruhusa shemeji yake.

Wako,
Mwananchi