Vassanji na Mipaka ya Fasihi ya Kiswahili

Mtu anayepita Diamond Plaza, katika mtaa wa Parklands jijini Nairobi, husikia Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili vikipokezana katika mazungumzo mamoja. Aghalabu Kiswahili ndicho kinachowaunganisha mwenye duka, mpishi na mchukuzi. Hata hivyo, Wakenya wenye asili ya Kiasia, ambao serikali iliwatambua rasmi mwaka 2017 kuwa kabila la 44 la nchi, ni nadra kutajwa katika mihadhara ya fasihi ya Kiswahili. Wakitajwa, mara nyingi huwa ni yule mwenye duka bahili anayevuruga ngeli ili hadhira icheke.

Dhana hiyo finyu inaweza kusahihishwa kwa kuyatazama maisha na kazi za Moyez Vassanji. Mwandishi huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Baba yake alifariki angali mtoto, na mama akaihamishia familia Dar es Salaam, alikoilea kwa kipato cha duka la nguo. Mwaka 1970 Vassanji alikwenda kusoma Marekani, akahitimu shahada ya uzamifu katika fizikia, kisha mwaka 1978 akahamia Kanada. Huko aliiacha sayansi polepole na kuigeukia sanaa. Riwaya yake ya kwanza, *The Gunny Sack*, ilitoka mwaka 1989, na baadaye alishinda Tuzo ya Giller mara mbili, mwaka 1994 na 2003.

Riwaya ndizo zilizompa sifa, lakini hadithi fupi hakuzipa kisogo. Ametoa mikusanyiko ya *Uhuru Street*, *When She Was Queen* (2005) na *What You Are* (2021). Katika *Uhuru Street*, mtaa mmoja wa Dar es Salaam unafuatiliwa tangu enzi za ukoloni hadi wakati wa watu kuondoka. Wamo wenye maduka, watumishi wa nyumbani, ombaomba na wanafunzi. Msomaji anayekumbuka kutaifishwa kwa majumba ya kupangisha Tanzania mwaka 1971, au kufukuzwa kwa Waasia Uganda mwaka 1972, ataelewa kwa nini wahusika hao wanaipenda nyumba ambayo hawana hakika nayo.

Mojawapo ya hadithi hizo, "Leaving", inamhusu mama mjane anayelazimika kuamua kama atamruhusu mwanawe, Aloo, aende kusoma Marekani. Katika muongo wa 2010, hadithi hiyo ilisomwa katika shule za upili za Kenya kwenye somo la Kiingereza. Wakati uo huo, katika somo la Kiswahili, wanafunzi walikuwa wakisoma "Damu Nyeusi" ya Ken Walibora, inayosimulia masaibu ya Fikirini, mwanafunzi Mwafrika anayekumbana na ubaguzi wa rangi huko huko Marekani. Hadithi ya kwanza inaishughulikia safari kwa upande wa anayebaki, na ya pili kwa upande wa aliyefika. Zingesomwa pamoja, zingeangazana. Ratiba ya masomo ilizitenga.

Bila shaka wapo watakaopinga. Watasema kwamba fasihi ya Kiswahili ni ile iliyoandikwa kwa Kiswahili, na kwamba Vassanji aliandika kwa Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito. Lugha si ganda la kutupwa, na si haki kumpachika mtu uanachama ambao hakuuomba. Lakini taaluma hii ilikwisha kuwafungulia mlango wageni wa mbali zaidi. Mwalimu Nyerere alitafsiri *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, na Fortunatus Kawegere akatuletea *Shamba la Wanyama* mwaka 1967. Ikiwa Venisi ina nafasi katika rafu za Kiswahili, ni kwa nini Kariakoo ibishe hodi?

Mfano wa Abdulrazak Gurnah unapaswa kuwa funzo. *Paradise* ilichapishwa mwaka 1994. Tafsiri yake, *Peponi*, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, baada ya mwandishi kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ni aibu kwa wasomi wa lugha kungoja mpaka Stockholm iwaonyeshe mzaliwa wa Zanzibar.

Hadithi fupi ndiyo inayofaa kuanzia, kwa kuwa mwanafunzi mmoja anaweza kuimaliza katika muhula mmoja. Kazi yenyewe haitakuwa nyepesi. Mama wa "Leaving" azungumze Kiswahili gani? Akipewa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, mfasiri atakuwa amerudi kwenye kichekesho kile kile cha dukani. Akipewa Kiswahili sanifu kikavu, atapoteza mtaa wake. Itambidi mfasiri asikilize jinsi watu wa Upanga na Kariakoo walivyozungumza, na kwa kufanya hivyo atajifunza kwamba Kiswahili kina wenyewe wengi kuliko wanaotajwa vitabuni.

Idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi vina uwezo wa kuianza kazi hii kwa kuomba idhini ya mwandishi na kugawana hadithi. Vassanji bado yu hai, na anaweza kuulizwa.