Anemi SS: dawa iko nyumbani, hospitali ndiyo inakosekana

Wazazi wengi wa Goma, Bukavu na Kisangani wanaijua anemi SS: maumivu ya mifupa, macho ya manjano, safari ya usiku kutafuta damu. Kongo ni moja kati ya inchi tatu zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu, pamoja na Nigeria na India. Wazazi huambiwa kwamba hauponi. Hiyo si kweli tena.

Damu yote hutoka kwa seli mama zilizo katika uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Kwa mgonjwa wa SS, seli hizo hutoa chembe nyekundu zinazojikunja na kuziba mishipa. Madaktari huziua kwa dawa kali, kisha humwekea mgonjwa seli za mtu asiye na ugonjwa, naye huanza kutengeneza damu mpya. Mwaka wa 1984 ilitangazwa Marekani kwamba msichana aliyepandikizwa uboho kwa sababu ya kansa ya damu alipona na SS pia. Tangu 2023, hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Tanzania, inawapandikiza watoto.

Anayefaa kutoa ni ndugu wa baba na mama mmoja. Kila ndugu ana nafasi 1 kwa 4 ya kulingana na mgonjwa, na uboho anaotoa hurudi wenyewe. Familia kubwa, ambayo wengi huiona kuwa mzigo, hapa ni utajiri.

Lakini kupandikiza si mchezo. Wiki kadhaa mtoto anabaki bila kinga. Pasipo umeme wa kudumu, damu salama na chumba safi, atakufa.

Kwa hiyo Serikali ianzie chini: kila mtoto apimwe anapozaliwa, na hidroksiyurea ipatikane katika kila zone ya afya. Utafiti uliotolewa 2019, ambao Kinshasa ilishiriki, ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza maumivu, kuongezwa damu na vifo. Kisha itume madaktari wakajifunze Dodoma, na ilipe safari za watoto wa maskini, kwani leo anayepona ni yule ambaye baba yake ana pesa ya kumpeleka India.

Ndugu yuko tayari kutoa uboho wake. Serikali nayo itoe nini?