Dawa Mwilini: Mgawanyo au Msambao?

Istilahi ya sayansi hupimwa kwa mantiki yake ya ndani, na pia kwa namna inavyosikika masikioni mwa wale ambao sayansi hiyo inawagusa. Kipimo hiki cha pili kimepuuzwa mno na waundaji wa istilahi. Mfano mmoja kutoka pwani ya Lindi unatosha kulidhihirisha hilo.

Mwaka 2000, Tanzania ilianza kisiwani Mafia kugawa dawa za kutokomeza matende na mabusha. Kazi hiyo ilienezwa baadaye katika mikoa mingine ya pwani, Lindi ikiwamo. Watu walipewa ivermektini na albendazoli mara moja kwa mwaka. Kila mmoja alisimama kando ya fimbo yenye alama, na kimo chake kikaamua iwapo atameza kidonge kimoja cha ivermektini, viwili, vitatu au vinne. Mtoto asiyefikia sentimita 90 hakupewa, wala mjamzito.

Kwa msemaji wa Kilwa, basi, ugawaji wa dawa ni kazi ya mtu apitaye nyumba kwa nyumba. Mtaalamu anapotumia neno mgawanyo kutaja safari ya dawa kutoka katika damu hadi katika viungo, humchanganya msikilizaji. Isitoshe, kugawa hudokeza mgawaji na mafungu yaliyokusudiwa. Mwilini hakuna mgawaji. Neno msambao lafaa zaidi, kwa kuwa kitu chaweza kusambaa chenyewe, tena kwa kiasi kisicho sawa kila mahali.

Ukosefu huo wa usawa ndio kiini cha modeli za kifiziolojia, ambazo misingi yake iliwekwa na Torsten Teorell wa Sweden mwaka 1937. Modeli hizi huuchukulia mwili kama vyumba vinavyounganishwa na damu: ini, figo, ubongo, misuli, mafuta. Kila chumba hupewa ujazo wake, kiasi cha damu kinachokipitia kwa dakika, na kadiri dawa inavyoelekea kukaa humo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 kwa dakika. Robo hivi hupitia katika ini, ilhali mafuta hupata kidogo. Ivermektini huelekea kukaa katika mafuta, hivyo hukawia kutoka mwilini. Ubongoni huzuiwa na protini zinazoirudisha katika damu.

Mvuvi wa Kilwa hahitaji kufundishwa wazo hili upya. Anajua kwamba maji ya mkondo hupita upesi, na yale ya ndani ya mikoko hujaa na kupwa kwa taratibu zake. Lugha yake ina kujaa, kupwa, mkondo na kukawia. Hizo ni mali ghafi za istilahi, nazo zimeachwa bila kutumiwa.

Wapo watakaodai kwamba hesabu hizi ni za wataalamu, nao wana Kiingereza. Hoja hiyo ina udhaifu. Anayeombwa kumeza dawa hali hajihisi mgonjwa anastahili kuelezwa kwa nini kimo kinasimama badala ya uzito. Kwa nini mwanawe mdogo ameachwa. Na kwa nini vidonge vinavyoua vijiminyoo vya damuni haviondoi busha lililokwisha kujaa, ambalo huhitaji upasuaji. Akikosa maelezo, uvumi utamweleza. Mtoto, vilevile, si mtu mzima aliyepunguzwa kimo: ini lake na uwiano wa viungo vyake ni tofauti. Modeli huweza kukadiria tofauti hizo kabla ya majaribio, bila kuchukua nafasi yake. Mzazi atakayeombwa ridhaa kwa majaribio hayo ataombwa kwa Kiswahili.

Kwa hiyo idara za Kiswahili na vyuo vya tiba havina budi kukaa pamoja. Ugawaji ubaki kwa wagawa dawa, na msambao uitwe msambao. Istilahi hizo zipelekwe kwanza Kilwa, zisikilizwe na watakaozitumia, ndipo ziingizwe kamusini.